Vespa imeshika: pa kupaka grisi na pa kuacha pakavu

Unguja kila skuta ni vespa, hata ikiwa imetoka China na jina lake limefutika. Vespa yenyewe, ile ya Piaggio iliyoanza kuuzwa Italia mwaka 1946, kwa miaka mingi ilikuwa na gia za kuzungusha kwa mkono kwenye usukani. Zinazojaa barabarani siku hizi hazina gia za kubadili. Zina mkanda wa mpira, puli mbili na klachi inayojifunga yenyewe ukiongeza moto. Hapa nazungumzia hasa zile zenye injini ya GY6, cc 125 na 150, muundo ulioanza kwa Honda kisha ukanakiliwa na viwanda vingi vya Taiwan na China. Ukiielewa hiyo moja, nyingine nyingi utazifungua bila kupotea.

Nafanya kazi karibu na bahari, na chumvi ni mteja wangu wa kila siku. Kusi likishika, upande wa Paje na Jambiani upepo unaleta rasharasha za bahari mpaka barazani, na vespa za kukodisha zinalala nje humo humo. Kasha la mkanda halikuzibwa: puli ya mbele ina mapezi kama feni, inavuta hewa ya nje ili kupoza mkanda. Kwa hiyo ukipita ufukweni maji yakitoka, unavuta mchanga na chumvi moja kwa moja mpaka kwenye vyuma.

Hata hivyo, nikikumbuka vyuma nilivyowahi kuvikata na kuvivunja, vingi havikushikwa na chumvi peke yake. Fundi aliyepita alifunga pakavu panapotaka grisi, au alijaza grisi panapotaka ukavu. Mara nyingine fundi huyo nilikuwa mimi.

Kabla hujashika spana

Pandisha chombo kwenye dabo stendi, zima injini, toa ufunguo. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono kuelekea mbele, kisha sikiliza.

Likizunguka jepesi na gia zikinguruma kidogo tu, upande wa gurudumu na giaboksi ni mzima. Tatizo liko mbele, kwenye klachi au puli.

Likizunguka kwa uzito, tena ukahisi linakaza na kuachia, linakaza na kuachia, basi unazungusha na injini pia. Klachi imegandana na bakuli lake, kile chuma cha duara kinachoifunika. Hutokea sana kwa chombo kilicholala mwezi mzima baada ya kuoshwa kwa mashine ya maji.

Lisipozunguka kabisa, usikimbilie kusema giaboksi imekufa. Kuna mzee aliniletea chombo chake juu ya kirikuu, uso umemshuka.

"Mwanangu, wameniambia giaboksi imekufa. Ninunue nyingine?"

"Subiri kidogo, babu."

Nikalegeza ile nati ya kurekebishia waya wa breki ya nyuma, nikaupiga mkono wa breki kwa ubapa wa spana. Gurudumu likaachia. Kilichoshika ni pini ya breki, ile inayozunguka ndani ya sahani na kuzitanua breki shuu. Ilikuwa imeota kutu mahali pake, mzee akikamata breki hairudi. Niliitoa, nikaisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikapaka grisi nyembamba kama anayepaka siagi kwa uchoyo. Ukijaza hapo, joto litaiyeyusha na itaingia kwenye breki shuu, na safari hiyo chombo hakitashika hata pale unapotaka kishike.

Kama breki umeilegeza na gurudumu bado linagoma, angalia oili ya giaboksi. Fungua bolti ya chini, tega kopo. Humo hukaa oili kidogo sana, kiasi cha mililita 100 hadi 120, na watu huisahau kwa sababu haina kijiti cha kupimia kama ya injini. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikitoka na vipande vya chuma, sasa ndiyo tuzungumze habari ya beringi na gia.

Bolti za kifuniko zinakatika, au kifuniko hakiachii

Hapa ndipo vyuma vingi vinapovunjika, na bado hata hatujauona mkanda. Bolti ni nyembamba, za milimita 6, zinafunguliwa kwa spana namba 8. Zenyewe chuma, kasha alumini. Vyuma hivyo viwili vikikutana kwenye maji ya chumvi vinakuwa kama betri ndogo: alumini inaliwa, unatoka unga mweupe, na unga huo unavimba na kukaba nyuzi za bolti. Ukikaza mkono kwa hasira kichwa cha bolti kinabaki kwenye spana yako ya boksi na mwili unabaki ndani.

Sugua kichwa kwa burashi ya waya. Nyunyiza dawa ya kutu, kisha kaa mbali. Dakika 10 hazitoshi. Ikiwezekana iache ilale. Kesho yake kipige kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, kavukavu, mara mbili tatu, ukilenga katikati. Mshtuko huo unapasua ule unga. Kisha, na hili wengi hawalipendi, kaza kidogo kwanza, robo ya robo, ndipo ulegeze. Ikisogea rudi, isogeze tena, ongeza dawa. Ikianza kulia kama mlango wa zamani, unaelekea pazuri.

Isipokubali, joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo ukipasha kasha pale bolti ilipo, tundu linaachia bolti. Tumia mashine ya hewa moto. Tochi ya gesi weka mbali, maana nyuma ya kifuniko kuna mkanda na sili za mpira, na karibu na hapo kuna petroli. Tena hakikisha ile dawa ya kutu imekauka kwanza, kwani inawaka.

Bolti zikishatoka zote na kifuniko bado kimeng'ang'ania, kuna pini mbili za kuongozea, vibomba vifupi vya chuma vinavyoingia kwenye kifuniko na kwenye kasha. Hizo nazo zinagandana. Gonga pembeni kwa nyundo ya mpira, zunguka mduara wote, pole pole. Usipenyeze bisibisi kati ya kifuniko na kasha. Alama utakayoacha pale itakuwa mlango wa maji masika ijayo.

Siku ya kufunga, ng'arisha zile pini, zipake grisi nyembamba. Nyuzi za bolti pia, tone dogo. Na bolti zenyewe hazilingani urefu. Chukua kipande cha boksi la katoni, chora umbo la kifuniko, toboa na uchomeke kila bolti mahali ilipotoka. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota chini, unadhani imekaza, kumbe inapasua alumini. Nguvu ya kukaza hapo ni Nm (nyutoni-mita) 10 tu au karibu na hapo. Ni kazi ya vidole na spana fupi.

Wateja huniuliza kuhusu bolti za chuma kisichoshika kutu. Zinapendeza, kweli, lakini ndani ya alumini na chumvi ile betri inabaki palepale, na kutu inahamia kwenye kasha ambalo ni ghali kuliko bolti. Ukizitaka, zipake kitu.

Injini inalia lakini mwendo haupo, au kinaondoka kizito kama kimebeba mkaa

Hizi ni dalili mbili tofauti na watu huzichanganya. Fungua kifuniko, usiguse kitu, tazama mkanda umekaa wapi. Injini ikiwa imezimwa, mkanda unatakiwa uwe umezama ndani kwenye puli ya mbele na umepanda mpaka ukingoni kwenye puli ya nyuma. Hiyo ndiyo gia nzito ya kuondokea.

Ukiukuta umezama kwenye puli ya nyuma na haurudi juu, basi puli ya nyuma imeshika ikiwa wazi. Chombo kinaondoka kama gari lililowekwa gia ya nne, na kilimani unashuka kusukuma. Puli hiyo ina nusu mbili: moja imetulia, ya pili inateleza juu ya bomba ikiongozwa na pini 3 ndani ya nafasi zilizokatwa mshazari. Ndani yake kunakaa grisi, imezuiwa na ringi za mpira. Ringi zikichoka grisi inatoka, iliyobaki inaungua na kuwa kama lami, pini zinachimba vishimo, na nusu ile inakwama.

Kuifungua kuna hatari moja. Ile nati kubwa iliyoshika klachi, namba 39 kwenye GY6 nyingi, imeibana springi nene. Ukiilegeza mpaka mwisho bila kuikandamiza, klachi inakurukia usoni. Mwambie mwenzako aikandamize, au tumia jeki ya kubania, ndipo utoe nati na uiachie springi pole pole. Ukishazitoa klachi na springi, shika nusu mbili za puli mkononi na uzizungushe. Zinatakiwa ziteleze kwa nguvu ya vidole tu. Osha lami yote, badilisha ringi zote za mpira hata kama zinaonekana nzima, tia grisi ya kuvumilia joto kwenye nafasi za pini na ndani ya bomba, gramu chache tu. Grisi ya kawaida ya beringi za baiskeli itayeyuka na kurushwa kwenye mkanda, na mkanda wenye grisi hauna dawa isipokuwa kuutupa.

Dalili ya pili, injini inapiga kelele ya 80 na chombo kinakwenda 45, mara nyingi iko mbele. Kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu halina gharama. Chukua kalamu ya alama, chora mstari kwenye uso wa puli ya mbele kutoka katikati hadi ukingoni. Funga, endesha mpaka mwendo wa mwisho kwenye barabara tupu, rudi, fungua. Mkanda umefuta wino mpaka pale ulipofika. Ukiona wino umebaki sehemu kubwa karibu na ukingo, mkanda haukupanda. Ama umelika na kuwa mwembamba, ama rola, vile vizito vya duara ndani ya puli ya mbele, zimelika ubapa upande mmoja na hazibiringiki, ama puli inayosukumwa na rola imeshika kwenye bushi yake.

Bushi hiyo ni kibomba cha chuma kinachovaa krenki, shafti kuu ya injini, na puli inateleza juu yake. Ikiota hata utando mwembamba wa kutu, puli inasita. Isugue kwa msasa laini kabisa, ifute, ijaribu: puli iteleze yenyewe ukiiinamisha. Na iache kavu. Hapa ndipo mkono wa fundi unapowasha, anaona chuma kinasugua chuma, anataka kupaka. Grisi hapo inakusanya vumbi jeusi la mkanda, na baada ya majuma machache una saruji. Rola za plastiki za GY6 nazo zinakaa kavu. Baadhi ya Yamaha zina kifuniko chenye ringi ya mpira juu ya rola. Hizo zilitengenezwa kukaa na grisi, na ukiona kifuniko hicho rudishia grisi ya aina yake. Usipokiona, acha kavu.

Kinatambaa kwenye sailensa

Unakiwasha, hujagusa moto, kinataka kuondoka. Kwanza angalia kama sailensa, yaani mwendo wa injini bila kuongeza moto, haikupandishwa mno kwenye kabureta. Ikiwa iko sawa, pedi za klachi hazirudi mahali pake. Ziko 3, kila moja inazunguka kwenye pini na inarudishwa na springi ndogo. Pini ikishika kutu, pedi inabaki imetanuka na kugusa bakuli.

Zitoe, ng'arisha pini, paka grisi ya kuvumilia joto kiasi cha kuacha alama ya kidole, futa inayozidi. Vumbi lililomo usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo: pedi za zamani huenda zina asbesto. Kitambaa chenye maji kinatosha. Ndani ya bakuli, kutu ya juu juu iondoe kwa msasa, kisha ufute kwa kisafisha breki. Petroli watu wanaitumia, na wengine wanaitumia huku jiko la mkaa linawaka hatua mbili. Mimi siitaki mezani kwangu.

Kiki haishuki, au ikishuka hairudi

Mara nyingi sababu ni moja: shafti yake imekauka ndani ya kifuniko, na ile gia ndogo inayotoka kwenda kukamata krenki haitelezi. Vumbi la mkanda limeingia. Osha, kausha, grisi kidogo kwenye shafti, rudisha springi kama ilivyokuwa. Piga picha kwa simu kabla hujaitoa springi. Wenye stata ya umeme hawaigusi kiki miaka miwili, na siku betri inapokufa ndipo wanapoikumbuka. Nawaambia waipige mara moja kwa juma.

Nati imegoma, bakuli limegandana na shafti

Nati ya puli ya mbele na nati ya bakuli kwenye GY6 zote zinafunguka kawaida, kushoto. Nalisema hili kwa sababu nimeona mtu akikaza kwa bomba la mita moja akiamini nyuzi zimegeuzwa.

Shida si nguvu, shida ni kukizuia kitu kisizunguke. Kwa bakuli, tengeneza pao lenye pini mbili zinazoingia kwenye matundu yake. Kwa puli ya mbele, tumia spana ya mkanda inayokumbatia mduara. Ukichomeka bisibisi katikati ya mapezi, pezi litakatika kabla ya nati kulegea, na puli yenye pezi pungufu inatetemesha krenki mpaka beringi zilie. Spana ya hewa ni nzuri kwa kufungulia. Kufungia nayo hapana.

Nati imetoka, bakuli halitoki: limeota kutu kwenye meno ya shafti. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya shafti, ili kulinda nyuzi. Tia dawa ya kutu kwenye meno, subiri, gonga bakuli kwa nyundo ya mpira huku ukilizungusha, kisha vuta kwa pula taratibu. Usipige ncha ya shafti kwa nyundo ya chuma. Upande wa pili kuna beringi za giaboksi zinazopokea kila pigo. Likitoka, safisha meno kwa burashi na upake grisi nyeusi ya molibdenamu, nyembamba, kwenye meno tu. Nyuzi za nati ziache safi, kwani nyuzi zenye grisi hukaza kuliko unavyodhani na siku moja zinakatika.

Gurudumu la nyuma halitoki

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Gurudumu limevaa shafti ya giaboksi kwa meno, limebanwa kwa nati moja kubwa. Kila likipita dimbwi, maji yanaingia humo, na hakuna anayelitoa mpaka tairi liishe. Miaka mitatu baadaye kitovu na shafti vimekuwa kitu kimoja.

Ukipiga rimu kutoka nyuma, inapinda. Ukivuta kwa pula, rimu inapasuka. Mimi natumia birika.

Ekzosi imetoka, nati imelegezwa ila haikutoka, imebaki ikilingana na ncha. Dawa ya kutu imelala usiku kucha pande zote mbili za kitovu. Asubuhi naazima birika la maji yanayochemka kwa mama anayepika maandazi jirani, ambaye mwanzoni alidhani natania. Kitambaa nakizungushia kitovuni, namimina pole pole, zamu kwa zamu. Kitovu kinapata joto na kutanuka kabla shafti haijapata. Hapo hapo mwenzangu anashika tairi kwa mikono miwili, saa tatu na saa tisa, analitikisa huku na huku, nami nagonga kitovu kwa nyundo ya mpira. Mara nyingi kuna sauti moja kavu, tak, na limeachia. Likigoma, liache lipoe kabisa na urudie. Kule kutanuka na kusinyaa nako kunafanya kazi. Maji ya moto hayaunguzi sili, na hilo ndilo linaloyafanya bora kuliko tochi. Breki ukishamaliza uikaushe.

  

Kulizuia lisirudie ni kazi ya dakika 20. Kila masika ikiisha, toa gurudumu, piga meno burashi, paka grisi ya molibdenamu, rudisha, kaza nati. Kwa GY6 nyingi ni kati ya Nm 110 na 130. Angalia kitabu cha chombo chako.

Unapofunga: mkanda uliobanwa

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilibadilisha mkanda wa vespa ya jirani. Nilivalisha mkanda, nikaweka uso wa nje wa puli ya mbele, washa (ringi ya chuma), nati, nikakaza mpaka mkono ukatosheka. Siku ya nne akarudi akisukuma. Sauti ilikuwa kama debe lenye kokoto. Nilipofungua, nati imelegea na ule uso wa puli umezunguka juu ya krenki na kutafuna meno yote, yake na ya krenki. Injini ikafunguliwa nzima. Krenki nililipa mimi.

Kosa lilikuwa hili. Mkanda mpya ulikuwa umejaa katikati ya puli ya mbele, kwa hiyo uso wa nje haukufika mpaka kwenye bushi. Nati ilikuwa inakaza dhidi ya mpira. Nilipoendesha, mkanda ukashuka mahali pake, nafasi ikabaki, nati ikalegea.

Dawa yake: kabla ya kuweka uso wa nje, tanua puli ya nyuma kwa mikono na uusukume mkanda uzame ndani yake. Ni kazi, springi ni nene. Ukishazama, funga pande mbili za mkanda pamoja kwa kipande cha tyubu ya tairi ili usirudi. Sasa mbele mkanda umelegea. Weka uso wa puli, hakikisha meno yameingia na umegusa bushi, na nyuzi za krenki zinaonekana za kutosha nati kuuma. Kaza, Nm 50 hadi 60 kwenye GY6 nyingi. Kisha shika mkanda mbele: uwe unachezacheza. Ukiwa umebanwa, fungua urudie. Fungua ile tyubu, zungusha puli kwa mkono, na mkanda utapanda wenyewe mpaka ukingo wa nyuma.

Nyuso za puli zifute kwa kitambaa na kisafisha breki kabla ya kufunika, na mikono yako pia, kama umetoka kushika grisi. Grisi kidogo ya kidole inaweza kuufanya mkanda uteleze.

Funga kifuniko, piga kiki mara mbili bila kuwasha, usikilize kama kuna kinachosugua. Washa kwenye dabo stendi. Gurudumu likizunguka pole pole kwenye sailensa si neno, mradi breki ukiigusa kidogo linatulia na injini haizimi. Endesha kilomita 5, rudi, zima, weka mkono karibu na kitovu cha nyuma. Kikiwa cha moto kuliko cha mbele, ile pini ya breki haikurudi vizuri, na kazi inaanza tena pale tulipoanzia na yule mzee.